Tiketi gani nafuu kwa safari za kutwa kutoka Plattling? Watu wazima wanne, watoto wawili

Mama Neema
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri kwa wanaozijua treni za jimbo la Bayern, Ujerumani, hasa huku vijijini. Tunakaa Plattling. Mama yetu na dada yangu watakuwa kwetu wiki tatu, kuanzia tarehe 14 mwezi huu hadi tarehe 5 mwezi ujao. Tunapanga safari tatu za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: Bodenmais Jumamosi, München Jumatano, Salzburg (Austria) Jumapili. Wasafiri ni mimi, mume wangu, mama, dada, na watoto wangu wa miaka 4 na 9. Mume ana Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya treni za mkoa, Ujerumani nzima), sisi wengine hatuna tiketi yoyote. Je, niwakatie wageni Deutschlandticket, au tununue Bayern-Ticket, ile ya siku moja ya jimbo, kila tukisafiri? Na huyu wa miaka 9 analipiwaje?

Fundi Ratiba
Dada, wageni wako usiwakatie Deutschlandticket. Tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, na si tiketi ya siku 30 tangu siku unayonunua. Ni mkataba unaofuata mwezi wa kalenda. Ukitaka uishe mwisho wa mwezi, lazima uufute ifikapo tarehe 10 ya mwezi huo. Wageni wanafika tarehe 14, tarehe 10 imeshapita, kwa hiyo utalipia mwezi huu na mwezi ujao. Watu wawili mara miezi miwili mara 63 ni euro 252, kwa siku tatu tu za kusafiri.

Bayern-Ticket inahesabiwa tofauti. Ni karatasi moja kwa watu hadi watano. Bei kubwa hubebwa na mtu wa kwanza, zaidi ya euro 30, na kila anayeongezeka analipa karibu 10. Thibitisha bei kwenye mashine, maana mara nyingi hupanda Desemba ratiba mpya inapoanza.

Mumeo msimhesabu, ana tiketi yake. Nunua ya watu watatu: wewe, mama, dada. Wa miaka 4 hahitaji tiketi kabisa, watoto chini ya miaka 6 ni bure. Wa miaka 9 anasafiri bure chini ya Bayern-Ticket yako kwa sababu hajafika miaka 15, na hachukui nafasi katika wale watano. Ila zingatia hili: Deutschlandticket ya baba haimbebi mtoto. Siku baba akitoka na huyo wa miaka 9 peke yao, mtoto akatiwe tiketi yake ya nusu nauli. Familia nyingi hukamatwa hapo, kwa kudhani mtoto anaingia kwenye tiketi ya mzazi yeyote.

Bi Shufaa
Nyongeza kuhusu majina. Tiketi ya mashine ina nafasi tupu ya majina. Yaandikeni kwa kalamu, jina la kwanza na la ukoo, kabla ya kupanda, siyo mkaguzi akishafika kwenye kiti. Mkaguzi anaweza kuomba kitambulisho alinganishe. Tiketi haihamishiki, wakirudi mapema wawili, hawawezi kumpa mtu mwingine nafasi zao. Na msipande kwanza mkitegemea kununua ndani. Asiye na tiketi halali faini yake inaanzia euro 60.

Msafiri wa Donau
Jumatano ndiyo inayohitaji hesabu. Jumatatu hadi Ijumaa Bayern-Ticket inaanza saa 3 asubuhi, yaani 9.00 ya mashine, hadi saa 9 usiku wa kuamkia siku inayofuata (3.00). Jumamosi, Jumapili na sikukuu za Bayern nzima inaanza usiku wa manane. Nasisitiza saa kwa sababu anayesoma «9» kwenye karatasi kwa saa za kwetu anaweza kuharibu siku nzima.

Mkilazimika kutoka mapema, inawezekana, ila kwa utaratibu. Tuseme, kwa mfano tu, treni inatoka Plattling 8.35, inaondoka Dingolfing 8.57 na Landshut 9.12. Landshut ndicho kituo cha kwanza ambako treni inaondoka saa 3 ikiwa imeshapita. Nunueni tiketi za kawaida Plattling hadi Landshut, watu wazima watatu, pamoja na ya nusu kwa mtoto wa miaka 9, kwa sababu kabla ya saa 3 ule ubure wake haujaanza. Kuanzia Landshut Bayern-Ticket inashika, na hamhitaji kushuka. Kosa la kawaida ni kukata hadi Dingolfing, eti saa 3 itafika njiani. Itafika, lakini katikati ya vituo viwili, na kipande hicho hakina tiketi.

Ningekuwa mimi ningewashauri treni inayofuata. Tiketi tatu na nusu za kipande hicho zinaondoa unafuu wote, na faida yake ni saa moja tu ya asubuhi. Mkifika München, Bayern-Ticket hiyo hiyo inapanda S-Bahn (treni za mji na vitongoji), U-Bahn (treni za chini ya ardhi), tramu na mabasi ya mji. Msinunue nyingine.

Mama Neema
Asanteni sana, nimeelewa kuhusu mtoto. Kuna mtu kaniambia treni yetu ikichelewa dakika 20 tunaruhusiwa kupanda ICE, zile treni za kasi, bila kuongeza pesa. Ni kweli? Hapa Plattling ICE zinasimama.

Fundi Ratiba
Si kweli kwa tiketi zenu. Haki hiyo ipo kwa tiketi za kawaida, lakini tiketi zenye punguzo kubwa zimeondolewa, zikiwemo Bayern-Ticket na Deutschlandticket. ICE zinazosimama hapo, za kwenda Regensburg na Nürnberg au Passau na Wien, ziacheni zipite. Nyie tafuteni treni za mkoa, yaani RE, RB na S-Bahn. Kwenye programu ya simu chagua treni za mkoa peke yake, Nahverkehr, kabla ya kutafuta safari; usipochagua, itakupa njia fupi yenye treni za masafa marefu, IC au ICE, na bei isiyowahusu.

Bi Shufaa
Salzburg: Bayern-Ticket inafika hadi stesheni kuu, Salzburg Hauptbahnhof, na Deutschlandticket pia. Mabasi ya mji wa Salzburg hayamo, hayo mtalipia. Njia ya pembeni ni RE hadi Landshut, kisha RB45 kupitia Mühldorf na Freilassing. Safari nyingine hulazimu kubadilisha Mühldorf. Njia ya München ina treni nyingi zaidi, lakini kutoka hapo pandeni RE5 tu. Railjet na EC, treni za masafa marefu, zinapita reli ileile na haziwahusu.

Dada, pasipoti halisi za mama na dada yako zibebwe, siyo picha kwenye simu. Nyie wakaazi bebeni pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, na watoto pia. Tangu 2015 polisi wa Ujerumani hukagua watu wanaoingia kutoka Austria, na Freilassing ni mahali pa kawaida pa kukaguliwa mkiwa mnarudi.

Msafiri wa Donau
Bodenmais ni nyepesi: treni ya msituni, Waldbahn RB35, hadi Zwiesel, hapo hapo mnahamia RB37. Njia hii ina tiketi za siku za eneo lenyewe, Bayerwald-Ticket, ambazo zinaweza kuwa nafuu kuliko Bayern-Ticket. Tazameni ramani ya mpaka wake kwanza, kituo inapoanzia, ndipo mlinganishe.

Mambo mawili ya njia za msituni. Vituo vidogo vingi ni vya kuomba: bonyeza kitufe ndani ya behewa mapema, la sivyo dereva anapita. Ukisubiri nje, simama jukwaani anapokuona. Na tafuteni treni ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Treni za mwisho za matawi haya huondoka mapema, na mkiikosa mko kijijini na watoto usiku.

Mama Neema
Jumamosi hiyo programu inaonyesha neno SEV kati ya Zwiesel na Bodenmais. Ni nini?

Msafiri wa Donau
Reli imefungwa, mtabebwa na basi badala ya treni. Tiketi zenu ni halali humo. Basi linaweza kusimama barabarani, mbali na mlango wa stesheni, kwa hiyo mkishuka Zwiesel tafuteni kibao chenye herufi hizo tatu kabla ya kwenda chooni au kununua chai. Basi ni la polepole kuliko treni, na muda wa kurudi unabadilika pia. Angalieni tena ratiba Ijumaa usiku.