Tupeane uzoefu: uliingiaje wodini kabla hujaomba kusoma udaktari?

Wadau habari za jioni. Nipo Tanga, nasoma digrii ya mikrobaiolojia na nikimaliza nataka niombe MD, yaani digrii ya udaktari. Huku kwetu chuo kinaangalia ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, hakuna anayekuuliza kama umewahi kukaa na mgonjwa. Ila miaka 5 darasani halafu na mwaka wa intern ni mingi mno kuiendea kichwakichwa.

Naanza na yangu. Likizo hii najitolea kliniki ya watoto, kituo cha afya cha mtaani. Kazi yangu mizani, ile ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kikaptula anapiga kelele mama anamshika miguu, mi nasoma kilo nachora nukta kwenye kadi. Kuna mtoto nukta yake ilishatoka kwenye kijani, yaani uzito uko chini, nikategemea sista atafoka, wapi, alivuta kiti akakaa akamuuliza mama taratibu "siku hizi nani anabaki naye ukienda sokoni?" Hapo ndo yalipotoka yote, mtoto anashinda na uji mwepesi tu. Lile swali halipo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Leteni na zenu.

Mdau wa Makorora
Mi nilipita Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga. Nilibeba barua ya chuo, nikaandika na yangu kwa Mganga Mfawidhi, nikafuatilia mpaka nikajibiwa, usikate tamaa ukiambiwa njoo kesho. Nilikuwa nasukuma machela, napeleka sampuli maabara, nafuata majibu. Kazi ndogo lakini ndugu wa wagonjwa wanakuuliza wewe vitu wanavyoogopa kumuuliza daktari, ukisikiliza unajua watu wanaogopa nini haswa.

CO mtarajiwa
Kuna na njia ya diploma ya utabibu, miaka 3, ukitoka na GPA ya 3.0 unaweza kuomba MD na wodi unaijua tayari. Ila nina neno na nyie wa kujitolea. Zahanati moja ya binafsi, siitaji jina, walimpa dogo ambaye hajasomea chochote sindano achome wagonjwa eti ajifunze. Akakataa, wakamwambia asirudi. Alifanya sawa kabisa. Yule mgonjwa kwenye foleni hajui kama wewe si mtaalamu, amekuamini kwa sababu ya koti, kwa hiyo ukipewa kazi isiyo yako kataa na uondoke.

Binti wa Chumbageni
Binamu yangu yupo Marekani, kule unamaliza kwanza digrii ya miaka 4 ndo unaomba skuli ya udaktari, miaka 4 mingine, kuna mtihani wa kuingilia unaitwa MCAT na fomu yenye nafasi 15 za kueleza shughuli zako. Wengine wanamfuata daktari kazini wanaangalia tu. Yeye kasomea uuguzi msaidizi, anafanya kwenye nyumba ya wazee, anaogesha, analisha, anawageuza kitandani wasipate vidonda vya mgandamizo. Anasema alipomzoea bibi mmoja asiyeongea ndo akajua hii kazi anaitaka kweli.

Mwana Bagamoyo
Sio lazima hospitali jamani. Huku kwetu na hapo kwenu Korogwe ni kati ya sehemu yalikofanyika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, WHO wakaja kuipendekeza itumike 2021. Mi nilizunguka na wahudumu wa afya ngazi ya jamii nyumba kwa nyumba, ukiona chandarua kimefungwa kwenye banda la kuku unajifunza kuuliza kabla ya kulaumu.

Nesi mstaafu
Wanangu, hongereni. Kabla hujaingia wodini kachanje homa ya ini B, dozi ni tatu na ya mwisho ni miezi 6 baada ya ya kwanza, anza mapema. Na ukijichoma na sindano iliyotumika usione aibu ukanyamaza, osha kwa maji tiririka na sabuni, mwambie incharge wa wodi saa hiyohiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kadiri unavyowahi ndo bora.