Mnene anayekataa matibabu akatwe posho ya serikali? Tujadiliane bila matusi

MLIPAKODI MNYONGE
Wadau salama. Hili swali nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitua hapa. Februari 2015 David Cameron, enzi hizo waziri mkuu wa Uingereza, alisema hadharani kwamba mtu anayelipwa posho kwa kuwa hawezi kufanya kazi, na kinachomzuia ni unene uliopitiliza au pombe au madawa, alafu anapelekewa matibabu anayakataa, huyo posho yake itazamwe upya, ikibidi ipunguzwe. Akampa Dame Carol Black, daktari na mshauri wa serikali, kazi ya kulichunguza. Watu wakamrukia utafikiri kasema wanene wafungwe jela. Mimi mpaka leo sioni alikosea wapi. Mtu mzima ale anavyotaka, alale anavyotaka, hayo ni yake na Mungu wake, lakini akishanyoosha mkono kwenye kodi yangu na mimi nimeshapata neno la kusema. Sijasema achekwe. Sijasema anyimwe dawa, ndo kwanza nasema apewe na AZITUMIE. Kwenye ndege vilevile, anayejaza siti mbili alipie mbili, tumechoka kusafiri upande upande kwa nauli kamili. Karibuni kwa hoja.

HESABU KALI
Mkuu umemaliza, uzi ufungwe. Kinachoingia mdomoni kikizidi kinachotumika, mwili unaweka akiba. Ni hesabu ya darasa la tatu. Sijawahi kuona mtu amenenepa kwa kuvuta hewa.

BONGE MWENYE HAKI
Nimesoma vizuri tu, Cameron sijui nani, kodi sijui nini, mpaka nikafika kwenye siti mbili. Kumbe hapo ndo panapouma. Kodi ni koti tu umevaa, shida yako ni kwamba kuna siku bega la mtu lilikugusa ndani ya ndege na ukakosa ujasiri wa kumwambia, sasa umekuja kututolea hasira sisi.

MLIPAKODI MNYONGE
Dada yangu sijakutaja popote, ila kwa kuwa umevaa kofia mwenyewe

BONGE MWENYE HAKI
Mimi ni kaka. Na kofia hii nimevalishwa na kila mtu anayenitazama ninavyopita kwenye korido ya ndege huku anaomba moyoni nisikae kwake. Mnadhani hatuwaoni? Tunawaona wote, mmoja mmoja, safu kwa safu.

GOTI REFU
Samahani naingilia. Mimi nina mita 1.98. Kila nikipanda ndege goti langu linaishi kwenye mgongo wa abiria wa mbele, anageuka ananikata jicho, namuomba radhi, safari inaendelea hivyo hivyo mpaka tunatua. Hakuna hata siku moja mtu aliniambia nimejitakia au nilipie siti ya goti.

HESABU KALI
Goti Refu urefu hukuuchagua, unene unachaguliwa kila siku mara tatu, kuna wengine mara saba. Usichanganye madawa.

MUUGUZI WA ZAMU
Hesabu Kali, ile hesabu yako hakuna anayeikataa ndugu yangu. Shida unadhani upande wa pili wa hesabu umetulia tu. Kuna utafiti ulitoka 2016, walifuatilia watu 14 waliokuwa kwenye shindano la runinga Marekani la kupunguza uzito, wale waliokimbizwa mazoezi wakalia mbele ya kamera. Miaka 6 baadaye wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 kwa siku PUNGUFU ya ilivyotarajiwa kwa mtu wa uzito ule. Miaka 6! Yaani mwili ulikuwa bado unabana matumizi. Alafu 2019 wakawaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili chakula cha viwandani, wiki mbili chakula cha kawaida, vilivyowekwa mezani vikalinganishwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi, wakaambiwa kula unavyojisikia. Kwenye cha viwandani wakawa wanakula kama kalori 500 zaidi kila siku. Watu walewale. Sasa niambie kwenye zile wiki mbili uvivu ulikuja, wiki mbili zilizofuata ukaenda wapi?

HESABU KALI
Wauguzi ndo nyinyi mnaowapa wagonjwa visingizio badala ya ukweli. Nimeona wauguzi wengi wenyewe hawapiti mlangoni.

MUUGUZI WA ZAMU
Aliyekesha zamu za usiku mfululizo miaka na miaka aje anifundishe kuhusu mlango. Hoja yangu hujaigusa hata kwa kidole, umekimbilia kiuno changu ambacho hujakiona. Na kwa taarifa yako napita, tena na toroli.

KANUNI NDOGONDOGO
Tukirudi kwenye siti maana ndo iliyonileta. Canada hili lilishaamuliwa zamani. 2008 mamlaka yao ya usafiri ilisema mtu mmoja nauli moja kwa ndege za ndani ya nchi, mwenye ulemavu anayehitaji siti ya ziada, na aliyezidiwa na unene kiasi cha kuhesabika mlemavu, haongezewi hata senti. Mashirika ya ndege yakakata rufaa, mahakama ya juu ikakataa hata kuwasikiliza. Kwa hiyo msiseme haiwezekani, imeshawezekana.

MLIPAKODI MNYONGE
Na gharama ya siti ya pili analipa nani? Si inagawanywa kwetu wengine kwenye nauli? Si ndo kitu kilekile ninachosema?

KANUNI NDOGONDOGO
Na begi la mwenzio likipotea fidia analipa nani? Na mtoto anayelia saa sita angani tumtoze kwa sauti? Kusafiri na watu ni kusafiri na watu mkuu. Kama unapenda hesabu ya kilo, 2013 Samoa Air walianza kuuza tiketi kwa kilo, unapimwa wewe na mzigo wako, unalipia uzito. Utakayemshangilia ni huyo.

HESABU KALI
Hao ndo wenye akili sasa!!! Mizigo tunapimiwa kilo, mtu kwa nini asipimwe

GOTI REFU
Kwa kilo mimi naumia tena. Mrefu mzito hata akiwa mwembamba. Nina kilo 84 na mbavu zinahesabika. Kwa hiyo nalipia urefu ambao umesema mwenyewe sikuuchagua?

HESABU KALI
Wewe una kesi maalumu

GOTI REFU
Kila mtu ana kesi maalumu ukimuuliza

MAMA WATATU
Jamani swali lilikuwa posho. Hivi kuna aliyefuatilia ile ripoti ya Dame Carol Black iliishia wapi? Mmekimbilia ndege kama watoto. Ilitoka Desemba 2016 na HAIKUSEMA watu wakatwe wala walazimishwe. Wataalamu wa afya waliohojiwa walilipinga wazo la kulazimisha, na hofu ilikuwa kwamba ukimwambia mtu tiba au njaa atajificha, hataenda kliniki kabisa, na mwenye uraibu ataficha zaidi. Yaani wazo la Cameron liliuawa na ripoti aliyoiagiza mwenyewe. Hilo ndo jibu la mleta mada, ila naona watoto wanapenda ndege.

JABALI LA PWANI
Mama Watatu na wewe umetuita watoto mara mbili ndani ya komenti moja. Mimi nina wajukuu.

KANUNI NDOGONDOGO
Mara mbili nimehesabu pia

MAMA WATATU
Basi wajukuu wako wangejibu hoja ya ripoti.

JABALI LA PWANI
Shikamoo yangu siidai lakini adabu naidai. Tuendelee. Uingereza wana huruma za kupitiliza, tazameni Japan. Kule ukiwa na kitambi unapigwa faini, tangu 2008, mwanaume kiuno kikizidi sentimita 85 imekula kwako. Ndo maana wembamba wote.

MUUGUZI WA ZAMU
Shikamoo mzee. Hizo 85 ni kweli, wanawake ni 90, na wanaopimwa ni wa miaka 40 mpaka 74. Ila mtu mwenyewe hapigwi faini. Anapewa ushauri na ufuatiliaji, na rungu limewekwa juu ya mifuko ya bima na waajiri, wao ndo wanaobanwa wakishindwa kufikia malengo. Na Wajapani walikuwa wembamba kabla ya hiyo 2008.

JABALI LA PWANI
Marahaba. Muajiri akibanwa unadhani atamwachia nani? Atambana mwenye kitambi. Faini ni faini hata ikipitia dirishani.

BONGE MWENYE HAKI
Hapo mzee umesema kweli bila kukusudia. Ukimbebesha muajiri mzigo wa kiuno changu, kesho haniajiri. Keshokutwa niko kwenye posho. Mtondo mnaniuliza kwa nini niko kwenye posho. Kuna yule mlezi wa watoto wa Denmark, Kaltoft, mnene kama mimi, halmashauri ilimwachisha kazi baada ya miaka kama 15, kesi ikafika mahakama ya Umoja wa Ulaya, Desemba 2014 wakasema unene unaweza kuwa ulemavu kama unamzuia mtu kazini kwa muda mrefu. Mnatufukuza kazini kwa mlango wa mbele alafu mnatusubiri mlango wa nyuma na rungu la kodi.

HESABU KALI
Malizia hadithi basi. Kesi iliporudi kwao Denmark mahakama ilisema huyo hakuwa mlemavu. Mnapenda nusu ya habari.

BONGE MWENYE HAKI
Na wewe umependa nusu iliyobaki. "Unaweza kuwa" bado ipo palepale kwenye sheria.

HESABU KALI
Una kilo ngapi kwani?

BONGE MWENYE HAKI
Unataka kuzibeba?

KIRAKA
Mimi napita tu, ila hii ya mzigo kwa mlipakodi inanichekesha kila ikitajwa. Waholanzi walipiga hesabu wakatoa 2008. Ukijumlisha gharama za matibabu toka mtu ana miaka 20 mpaka anakufa, aliyegharimu zaidi ni yule mwembamba asiyevuta sigara. Kama euro 281,000. Mnene 250,000. Mvuta sigara 220,000. Kisa nini? Wengine wanakufa mapema, mwenye afya anaishi mpaka magonjwa ya uzee yenye gharama ndefu. Kwa hesabu za mleta mada basi tuwakate posho wanaokimbia mazoezi asubuhi.

MLIPAKODI MNYONGE
Hiyo ni hesabu ya shetani. Unafurahia watu wafe mapema?

KIRAKA
Mimi? Nani kafungua uzi kwa kuuliza mtu fulani anagharimu kiasi gani? Nimekuletea bili uliyoiomba. Na hawakuweka siku za kazi zilizopotea wala posho, ni matibabu tu, nakusaidia kabla hujaenda kutafuta.

MLIPAKODI MNYONGE
Hapo kwenye posho sasa ndo penye hoja YANGU, ahsante. Matibabu yapo. Visingizio vya homoni na mwili kubana matumizi vilikuwa na maana zamani, sasa kuna sindano za kupunguza uzito. Mojawapo, Wegovy, iliidhinishwa Marekani 2021, watu kwenye majaribio walipunguza kwa wastani kama asilimia 15 ya uzito wote. Sindano moja kwa wiki. Anayekataa hata hiyo ana sababu gani?

MUUGUZI WA ZAMU
Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuvurugika, hizo ni sababu za kutosha kwa baadhi ya watu. Na nyingine hukuitaja. Ukiacha kuchoma, kilo zinarudi, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa hiyo siyo sindano ya mwezi wa toba. Ni ya miaka. Huko Uingereza kwenyewe mwongozo wa 2023 uliruhusu Wegovy kupitia kliniki maalumu kwa muda usiozidi miaka 2. Sasa mkuu, hiyo ya kila wiki miaka yote, nani analipa?

MLIPAKODI MNYONGE
Mgonjwa.

MAMA WATATU
Mgonjwa yupi? Huyu aliye kwenye posho?

MLIPAKODI MNYONGE
Si ana posho

MAMA WATATU
Umemaliza mada yako mwenyewe. Ulianza na apewe dawa azitumie, akikataa akatwe. Sasa dawa ajinunulie kwa hiyohiyo posho unayotaka kuikata.

KANUNI NDOGONDOGO
😂😂 uzi mzima tulikuwa tunasubiri hapa

MLIPAKODI MNYONGE
Msinipotoshe. Nilisema matibabu, sikusema matibabu ghali ya maisha. Kuna kutembea, ni bure.

GOTI REFU
Umetoka kutuambia sindano imeondoa visingizio, sindano ikawa na bei umerudi kwenye kutembea.

JABALI LA PWANI
Kutembea mimi natembea kila alfajiri na kitambi kinatembea na mimi.

KIRAKA
Oktoba 2024 serikali ya Uingereza na kampuni ya dawa ya Eli Lilly walitangaza jaribio Greater Manchester, kuangalia kama Mounjaro, sindano nyingine ya kupunguza uzito, itasaidia watu wanene kurudi kazini. Hapo hapo wakarushiwa mawe kutoka pande zote, huku wanasema serikali inawaona watu kama mashine za kodi, huku wanasema wavivu wanapewa dawa bure wakati wengine wananunua. Mleta mada ungekuwa kwenye kundi la pili bila shaka.

MLIPAKODI MNYONGE
Mimi ninayefanya kazi na nina kilo zangu kumi za ziada nanunua mwenyewe, yeye anapewa. Haki iko wapi?

BONGE MWENYE HAKI
SUBIRI. Kilo kumi za ziada?

MUUGUZI WA ZAMU
Nimesoma tena nikadhani macho

MLIPAKODI MNYONGE
Kumi siyo unene. Ni umri.

BONGE MWENYE HAKI
Za kwako umri, za kwangu mdomo. Zikifika ngapi zinageuka kuwa mdomo? Tupe namba tuiandike.

HESABU KALI
Kwani unanunua sindano mkuu?? Si ulikuwa upande wangu, kinachoingia na kinachotoka?

MLIPAKODI MNYONGE
Ninachonunua kwa hela yangu hakiwahusu. Msimamo wangu ni uleule, serikali isilipe yote, basi walau ichangie nusu na mtu nusu.

HESABU KALI
Nusu tena? Mimi nimebaki peke yangu humu.

KANUNI NDOGONDOGO
Samoa Air wangekupokea