Tulinunua viungo 2,000 vya mtandaoni na tovuti yetu ya korosho bado inashuka Google: naomba ushauri

Mbanguaji wa Chikongola

Ndugu wanajukwaa, salaam, na wakubwa wote shikamoni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama kumi na wanane hapa Mtwara mjini. Tunabangua korosho kwa mikono, tunazikausha, tunazimenya na kuzipanga kwa madaraja, kisha tunauza zilizokaangwa madukani na kwa wateja wa mikoa mingine. Tulifungua tovuti miaka minne iliyopita, na tangu wakati huo maagizo mengi ya Dar es Salaam na Dodoma yamekuwa yakitoka kwa watu waliotukuta Google wakitafuta korosho za Mtwara. Tulikuwa tukionekana katika ukurasa wa kwanza, mara nyingi nafasi ya tatu au ya nne.

Mwezi wa pili mwaka huu tulianza kushuka, na kufikia mwezi wa tano tulikuwa ukurasa wa nne, ambako hakuna mteja anayefika. Kijana mmoja anayejitangaza mtandaoni kuwa mtaalamu wa mambo haya alituambia kwamba tunakosa viungo, yaani tovuti nyingine zinazomwelekeza msomaji kwetu, na akatuuzia viungo 2,000 kwa shilingi 350,000, akisisitiza kwamba vinatoka kwenye tovuti zenye "DA ya 50 kwenda juu". Fedha hiyo tuliitoa kwenye akiba ya kununulia korosho ghafi za msimu ujao. Viungo vilikuja ndani ya wiki moja, lakini hakuna kilichobadilika. Nilipoipitia orodha aliyotukabidhi nilikuta tovuti za kamari, tovuti za lugha nisizozifahamu, na karibu vyote vimebeba maneno yale yale: "korosho bora Tanzania".

Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu tulipe, kwa hiyo jambo hili limenikaa moyoni. Naomba kujua kama viungo hivi vitatudhuru, tuviondoe vipi, na viungo vya kweli hupatikanaje kwa kikundi kisicho na fedha nyingine ya kutoa.

Mzee wa Ligula

Marahaba, binti yangu. Pole sana wewe na wenzako.

Nianze na asili ya jambo lenyewe, kwa sababu ukilifahamu hutauziwa tena. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha maelezo ya njia ya kupima uzito wa kurasa za mtandao, waliyoiita PageRank, na mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google. Ninyi kina mama mnaujua udhamini katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mtu mwenye heshima yake akikudhamini, neno lake lina uzito. Lakini yule yule akiwadhamini watu mia tano kwa siku moja, kila mmoja anapata kipande kidogo tu cha heshima hiyo. Hesabu ya PageRank ilifanya hivyo hasa: uzito wa ukurasa unaotoa viungo hugawanywa kwa idadi ya viungo unavyotoa, na uzito wa ukurasa huo nao hutokana na kurasa zinazouelekezea. Ukurasa wa kamari unaotoa viungo elfu kwenda popote, na ambao hakuna mtu wa maana anayeuelekezea, hauna cha kukupa.

Hiyo "DA" aliyowatajia si kipimo cha Google. Ni namba iliyobuniwa na kampuni ya Moz kukadiria nguvu ya tovuti, na Google haiitumii katika kupanga matokeo. Muuzaji anayeitaja kama dhamana ama haijui au anategemea kwamba mnunuzi haijui.

Kuhusu madhara: Aprili 2012 Google ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga tovuti zilizojijengea viungo vya hila, na kwa maelezo yake yenyewe liligusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Watu walianguka kwa kishindo siku zile. Septemba 2016 Penguin iliingizwa ndani ya mfumo mkuu, na tangu hapo kawaida yake ni kuvipuuza viungo vibovu badala ya kuishusha tovuti nzima. Kwa hiyo inaelekea kwamba viungo vyenu 2,000 havihesabiwi kabisa. Fungua Google Search Console, yaani zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana katika utafutaji, kwenye sehemu ya hatua zinazochukuliwa na wakaguzi wa kibinadamu. Ukikuta hakuna tatizo lililoripotiwa, basi hamjaadhibiwa kwa mkono wa mtu.

Ipo pia zana ya kukana viungo, iliyotolewa Oktoba 2012, ambayo mtu hupakia faili la maandishi lenye orodha ya tovuti anazozikataa. Usiikimbilie. Google yenyewe huonya kwamba tovuti nyingi haziihitaji, na ukikosea unaweza kukana hata viungo vilivyokuwa vinakusaidia. Kwa hali yenu ningemwandikia yule kijana nikimtaka aviondoe, ningeihifadhi orodha yake, na ningeitumia zana hiyo iwapo tu onyo litatokea.

Fundi Kusini

Nakubaliana na Mzee, lakini kuna jambo naona limepitwa. Dada katibu, umesema mlianza kushuka mwezi wa pili, na viungo mlivinunua baadaye. Basi viungo hivyo haviwezi kuwa chanzo. Kitu gani kilifanyika Desemba au Januari? Mlibadilisha muundo, anwani, fundi, au mahali mnapohifadhi tovuti?

Mbanguaji wa Chikongola

Kweli, kaka. Januari tulihama kutoka anwani ya .com kwenda .co.tz, kwa kuwa wateja kadhaa walituambia wanaiamini zaidi tovuti inayojionyesha kuwa ya Tanzania. Fundi alitutengenezea tovuti mpya nzuri kuliko ile ya kwanza, na ile ya zamani akaizima. Sikudhani kwamba ina uhusiano na haya.

Fundi Kusini

Inao uhusiano, na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kwa miaka minne watu wamekuwa wakiwaelekezea viungo bila ninyi kuomba wala kulipa: msafiri aliyeandika kuhusu Mtwara, duka lililotaja linakopata korosho zake, labda mwanafunzi aliyewahoji. Viungo vyote hivyo vinaelekea kwenye anwani ya .com. Siku ilipozimwa, kila kimoja kikawa njia inayoishia kwenye ukuta, na Google, ikifuata viungo hivyo na kukuta hakuna ukurasa, haina namna ya kujua kwamba .co.tz ni ninyi wale wale. Tovuti yenu mpya ilianza maisha kama mgeni asiye na mdhamini hata mmoja. Kwa hiyo mlipoambiwa kwamba hamna viungo, mliambiwa kweli. Mlichofichwa ni kwamba mlikuwa navyo na vimekatika.

Kwanza kabisa, leo hii, angalieni ile anwani ya .com mlilipia hadi lini. Mkiiacha iishe, mtu mwingine anaweza kuichukua, na wapo wanaovizia anwani zenye historia ili wazijaze matangazo. Lipieni upya hata kama hamtaweka kitu juu yake.

Baada ya hapo muwekeeni kila ukurasa wa zamani elekezo la kudumu, lile ambalo mafundi huliita 301, liende kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Hapa mafundi wengi hukosea: huelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya. Ukurasa wa zamani wa bei za jumla uende kwenye ukurasa mpya wa bei za jumla, na ule wa maelezo ya kubangua uende kwenye maelezo ya kubangua. Kisha thibitisheni umiliki wa anwani zote mbili katika Search Console, na mtumie zana yake ya kuijulisha Google kwamba mmehama. Maelekezo hayo yaacheni kwa angalau mwaka mmoja. Mimi ningeyaacha siku zote, maana kuyaacha hakuna gharama zaidi ya ada ya anwani.

Mkishathibitisha anwani ya zamani, angalieni ripoti ya viungo. Itawaonyesha ni kurasa zipi zilizokuwa zikielekezewa, na kutoka wapi. Wale muhimu waandikieni barua fupi ya heshima, mkiwaomba wabadilishe anwani. Hiyo ndiyo kazi ya viungo iliyo rahisi kuliko zote, kwa sababu mnayemwomba alikwisha kuwapenda.

Duka la Sokoni

Mimi nitasema tofauti kidogo. Ninauza vipuri vya pikipiki hapa Lindi, na mwaka juzi nilinunua viungo vichache, si elfu mbili bali kumi na tano, kwenye tovuti za habari. Nilipanda kwa miezi mitatu na nilipata wateja. Kwa hiyo kusema kwamba vya kununua havifanyi kazi si kweli moja kwa moja.

Mzee wa Ligula

Ndugu yangu, siwezi kukukatalia ulichokiona kwa macho yako, na sikusema kwamba kila kiungo cha kulipia hupuuzwa saa ile ile. Kinachonisumbua ni hiyo miezi mitatu. Taratibu za Google zinataka kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ya sponsored au nofollow, ambazo huieleza kwamba kisihesabiwe kama udhamini. Nofollow ilianza mwaka 2005, na sponsored ikaongezwa mwaka 2019. Ukilipia tangazo lenye alama hiyo umenunua wasomaji, nayo ni biashara halali. Ukilipia kiungo kisicho na alama umenunua kitu ambacho mfumo unafanya kazi ya kukitafuta na kukifutia thamani, na siku mfumo utakapokifutia hutarudishiwa fedha. Wewe una duka. Hawa wana akiba ya korosho ghafi, na Oktoba minada ikianza wataihitaji.

Binti Newala

Shikamoni wakubwa, na dada katibu habari za kazi.

Fundi amekwisha kueleza namna ya kurejesha vya zamani, kwa hiyo mimi niseme kuhusu vipya. Nimeipitia tovuti yenu. Ina picha nzuri na bei, lakini haina ukurasa hata mmoja ambao mtu asiyenunua korosho angekuwa na sababu ya kumtumia mwenzake. Na anayetoa kiungo, mara nyingi, si mteja. Ni mwandishi wa habari, ni mwanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, anayeandika tasnifu, ni afisa ugani, ni mpishi.

Ninyi mnajua mambo ambayo kwa Kiswahili hayajaandikwa vizuri popote. Chukua madaraja. Mtu anaona W240 na W320 kwenye mfuko na hajui maana yake. Andikeni kwamba W240 ni korosho nyeupe nzima, zikiingia 220 hadi 240 katika ratili moja, yaani gramu 454 hivi, na kwamba W320 huingia 300 hadi 320, ndiyo maana ni ndogo na bei yake ni nafuu zaidi. Pigeni picha madaraja yote kwenye ungo mmoja, na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Elezeni kwa nini korosho hupasuka wakati wa kubangua, na namna mafuta ya ganda yanavyochoma ngozi na mnavyoikinga mikono yenu. Andikeni kuhusu mabibo, ambayo huku kwetu yanaoza chini ya mikorosho ilhali mtu wa Dodoma hajawahi kuyaona.

Kisha kuna bei za minada. Kila msimu vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, MAMCU na TANECU kwa upande wetu, huendesha minada, na bei huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya wiki chache mtu akiitaka bei ya mnada wa tatu lazima apige simu kwa watu watano. Mkiwa na ukurasa mmoja usiobadilisha anwani, wenye jedwali la tarehe, chama, daraja na bei ya kilo, mkauongezea baada ya kila mnada kutoka kwenye tangazo rasmi, katika msimu mmoja tu utakuwa mahali ambapo watu wanarejea. Ni kazi ya nusu saa kwa wiki, ila isiachwe katikati, kwa maana jedwali lenye mapengo halimfai mtu.

Viungo vya namna hii havitafika 2,000. Pengine vitakuwa kumi na viwili kwa mwaka, lakini kila kimoja kitakuwa na mtu nyuma yake. Na kila mtu ataandika maneno yake: mmoja "madaraja ya korosho", mwingine jina la kikundi chenu, mwingine "hapa" tu. Watu elfu mbili wasiojuana hawawezi kuchagua maneno matatu yale yale, na mfumo unaliona hilo mara moja.

Usisahau pia kwamba ukurasa wa bei za minada unapaswa kuwa na kiungo kinachokwenda kwenye ukurasa wenu wa mauzo, la sivyo udhamini wote utaishia kwenye jedwali.

Mbanguaji wa Chikongola

Nimerudi na taarifa, baada ya wiki mbili.

Anwani ya .com ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa kuisha. Tumeilipia kwa miaka miwili. Fundi wetu ameweka maelekezo ya kudumu kwa kurasa thelathini na moja, na mbili ambazo hazikuwa na ukurasa mpya unaolingana nazo tumeziandika upya. Katika ripoti ya viungo tumekuta tovuti ishirini na tatu zilizokuwa zikituelekezea bila sisi kujua, na mojawapo ni ya mapishi, ambayo mwandishi wake aliwahi kununua kwetu kilo mbili. Nimewaandikia wanane, na watano wamejibu na kubadilisha anwani. Onyo la wakaguzi hakuna. Yule kijana hajajibu.

Nafasi yetu bado haijasogea sana. Jana tulikuwa ukurasa wa tatu. Mama mmoja wa kikundi, ambaye amebangua tangu akiwa msichana, anasimulia na mimi naandika ukurasa wa madaraja. Nina swali moja dogo: katika jedwali la bei nataka kuweka viungo vinavyokwenda kwenye matangazo rasmi. Je, kuelekeza nje kutatupunguzia nguvu?

Fundi Kusini

Wekeni bila hofu. Anayesoma bei ana haki ya kuona imetoka wapi, na tovuti haishuki kwa kutaja chanzo chake. Kuhusu nafasi, subirini: Google inabidi izipitie upya kurasa za zamani moja moja ndipo izihamishie kwenye anwani mpya, na kwa tovuti ndogo isiyotembelewa sana hilo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Angalieni Search Console mara moja kwa wiki, siyo kila asubuhi, na ukurasa wa madaraja uwe tayari kabla ya mnada wa kwanza.