Naomba ushauri: nibaki Android au nihamie iPhone?
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Simu yangu ya Android ina miaka minne, kioo kimepasuka pembeni, na tangu mwaka juzi haijapata sasisho lolote. Wateja hunitumia picha za mishono kwa WhatsApp na vipimo vyao vyote vimo humo. Ikizima ghafla, kazi inasimama.

Nimeonyeshwa iPhone X iliyotumika. Niliijaribu kwenye pindo la kitenge, kamera ikaonyesha hata mshono ulioruka. Nikaipenda sana. Lakini simu hiyo ilitoka 2017, na iOS 17, mfumo wa kuendesha iPhone uliotoka 2023, haikuipokea. Naona ni kununua simu iliyokwisha kuachwa nyuma. Samsung nao waliahidi simu yao ya Android, Galaxy S24, miaka saba ya masasisho, ila bei yake siiwezi.

Je, kuna Android ya bei nafuu itakayosasishwa kwa muda mrefu? Na aliyewahi kuhama, mazungumzo ya WhatsApp yalifika yote, pamoja na picha? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Nikipoteza vipimo, nitawaambia nini wateja walioleta vitambaa vya harusi?