Kodi ya jengo kwenye LUKU, mpangaji inamhusu nini?

mpangaji_wa_uani
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa safari miezi miwili, nimerudi jana usiku nakuta giza, nikatuma elfu tano ya luku (umeme wa kulipia kabla) nikapata unit 5.6!! Nikadhani mtandao, kusoma meseji vizuri kumbe 3,000 imekatwa kodi ya jengo. Jengo lenyewe sio langu, mi napanga chumba na sebule tu. Nampigia mwenye nyumba ananijibu "si we ndo unayewasha taa". Halafu redioni nasikia bajeti bado ina nakisi (matumizi kuzidi mapato), sasa hizi zetu zinaenda wapi jamani?

Mzee wa Risiti
Pole mkuu. Hiyo ni 1,500 kwa mwezi, ilianza na 1,000 mwaka 2021, ikapanda Julai 2023. Usiponunua umeme hailali, inajilimbikiza inakusubiri. Ila kisheria ni ya mwenye nyumba, na serikali ilishasema mpangaji akate kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni 18,000, usifute hizo meseji.

kabwela2
Waliiweka kwenye umeme kwa sababu zamani ilikuwa makaratasi, bili inaletwa mtu anaikunja anaegeshea mguu wa meza hadi mwaka unaisha. Sasa angalia bajeti ya 2025/26, trilioni 56.49, mapato ya ndani yalikadiriwa 40.47, pengo lote hilo ni mikopo na misaada (sio yote nakisi, humo kuna mikopo ya kulipia mikopo iliyoiva, ndo maisha yetu hata sisi lol). Kwa hiyo wanatafuta hela isiyoweza kukimbia, na mtu aliyekaa gizani na friji inavuja maji hakimbii, atalipa tu ndo aanze kulalamika.

Mama Wawili
Mi nina nyumba ya wapangaji watatu, yule ambaye mita yake ndo inakatwa namrudishia 18,000 yake akija kulipa kodi ya pango, tumeandika kwenye mkataba. Wenye nyumba wengine mnatutia aibu, elfu kumi na nane kweli??

mpangaji_wa_uani
Asante Mama Wawili, hujabakiwa na chumba hapo? Huyu wangu nimemtumia skrinishoti zote tangu Januari, tiki za bluu zimewaka, kimya.