Wakuu, neno "nice" limenirudishia kazi, nitafsirije?

Kalamu ya Moro: Habari za jioni wanajamvi. Nina miezi saba tu kwenye kazi ya kutafsiri nyaraka. Wakili mmoja kanipa hukumu ya zamani ya Kiingereza, humo jaji kaandika kwamba lililo mbele yake ni "a nice point of law". Nikaweka "hoja nzuri ya kisheria". Ukurasa umerudi na duara jekundu kwenye "nzuri", pembeni kaandika: "Siyo hii." Kamusi yangu ndogo inasema nzuri, -a kupendeza, basi. Kesho saa nne napeleka kazi. Nisaidieni.

Mama Kamusi: Pole mwanangu, ila wakili yuko sahihi. Hapo jaji hasifii kitu. Anasema hoja ni ya kupambanua kwa makini, ukiteleza kidogo umekosea. Andika "hoja tata ya kisheria, yenye kuhitaji upambanuzi makini".

Neno hili limetembea sana. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua: "ne" ya kukanusha na "scire", kujua. Kwenye Kifaransa cha kale likawa "nice", mjinga, na Waingereza wakalipokea na ujinga wake mnamo miaka ya 1300. Baadaye likawa la mtu mwenye haya, kisha mchaguzi, yule anayejali hata vitu vidogo vidogo. Anayejali vidogo ndiye makini, na hapo ndipo alipo jaji wako. Hii maana ya kupendeza ilishika karne ya 18.

Kijana wa Tandale: Mkuu, mbona hata sisi tunayo? "Kali" ni ya kisu na ya mbwa, lakini leo ukiambiwa umevaa kiatu kikali unachekelea.

Kalamu ya Moro: Shikamoo mama, asante sana. Sasa nimwambie wakili kwamba sikujua, au nirekebishe tu kimya kimya?

Mama Kamusi: Marahaba. Mwambie, sentensi moja inatosha. Anayekurudishia kazi na alama anataka ujifunze, usimfiche. Ila kwanza pitia hukumu yote, neno hilo haliji mara moja.

Kalamu ya Moro: Kweli lipo tena, ukurasa wa 11: "a nice distinction". Nilikuwa nimeandika "tofauti nzuri"! Nimebadilisha, sasa ni "tofauti ndogo".

Mama Kamusi: "Ndogo" itasomeka kama haina uzito, na kesi nzima huenda imesimama hapo. Weka "tofauti nyembamba".