Magari ya wazazi mbele ya shule: nani anamlinda mtoto anayekuja kwa miguu?

Mkazi wa Mikocheni
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila kutaja majina ya shule. Barabara ninayoizungumzia, hapa Dar es Salaam, inatosha magari mawili kupishana kwa kubanana. Upande mmoja ipo shule ya binafsi anakosoma mwanangu, na mbele kidogo ipo shule ya msingi ya serikali. Kuanzia saa moja kasorobo asubuhi, wazazi wenzangu huegesha juu ya mifuniko ya mtaro, ambayo ndiyo njia pekee ya miguu tuliyonayo, na ikijaa hupanda juu ya zebra na kuwasha taa za dharura, kana kwamba taa hizo ni kibali. Watoto wa shule ya serikali, ambao hawana gari wala mtu wa kuwashika mkono, hulazimika kuyazunguka magari hayo kwa kuingia barabarani. Mtoto wa darasa la kwanza hafiki hata kwenye kioo cha Prado, kwa hiyo dereva anayekuja hamwoni mpaka awe ameshatokeza. Jumatano iliyopita bodaboda alimkosa binti mmoja kwa kiasi cha mkono. Swali langu ni hili: kwa nini tusiegeshe kwenye kiwanja cha kanisa, hatua kama 300 kutoka getini, ambacho asubuhi huwa kitupu, tukawatembeza watoto wetu mpaka shuleni? Na kama mtoto wako hawezi kutembea hatua 300 akiwa na begi lake, basi tatizo si maegesho, umemlea vibaya.

Mama Pacha
Nilikuwa nakusoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye sentensi yako ya mwisho. Mimi nina pacha wa darasa la pili. Jana jioni nililichukua begi la mmoja wao mpaka kwa muuza nyama wa mtaani kwetu, nikamwomba anipimie: kilo 6 na nusu. Ndani mna madaftari 14, vitabu vya kiada, chupa ya maji na viatu vya michezo, na mbebaji mwenyewe ana kilo 21. Halafu mtu asiyejua kwamba tunaamka saa kumi alfajiri huko Madale, ili saa mbili niwe nimeketi ofisini Posta, anathubutu kuniambia kwamba nimelea vibaya. Nijibu kwanza kuhusu malezi, ndipo tuzungumze maegesho.

Dereva Mstaafu
Nimeendesha magari ya mizigo na ya abiria kwa miaka 31, na naomba niseme kwamba taa za dharura ziliwekwa kwa ajili ya gari lililoharibika, si kwa ajili ya mzazi aliyechelewa. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa zamani, nadhani miaka ya themanini, na sijapata kukuta ndani yake kifungu kinachomsamehe mtu aliyeziba kivuko eti kwa sababu anashuka dakika moja tu. Kuhusu begi, mwanangu, sisi tulitembea kutoka Magomeni hadi Upanga na madaftari yetu kwenye mfuko wa nailoni, na hakuna aliyetupeleka kwa muuza nyama.

Karani wa Mahakama
Ni sheria ya mwaka 1973, mzee wangu, Sura ya 168. Faini anayomwandikia trafiki mwenye gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, kwa sababu kwa mwenye Prado fedha hiyo ni gharama ya maegesho tu.

Mama Pacha
Shikamoo, mzee Dereva. Mlitembea kutoka Magomeni hadi Upanga, na sikatai, lakini barabara mliyoivuka ilikuwa na magari mangapi, na bodaboda wangapi? Mfuko wenu wa nailoni ulikuwa na daftari la hesabu na kipande cha muhogo. Msitupimie watoto wetu kwa utoto wenu.

Dereva Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Magari yalikuwa machache kwa sababu wazazi hawakuwa wanapeleka watoto kwa magari. Umejibu hoja yangu mwenyewe kwa niaba yangu, na nakushukuru.

Bajaji ya Saba
Naomba nami nisikike, kwa kuwa kila mjadala wa aina hii huishia kwa kusema kwamba chanzo cha fujo ni bajaji. Mimi hubeba watoto wanne kwa mkataba wa mwezi, nao wanatoka katika nyumba nne tofauti. Nafika, nawashusha, naondoka. Mbele yangu linakuwapo gari lenye viti vya watu saba lililomleta mtoto mmoja, na dereva wake ameshuka kumfunga kamba za viatu. Kisha anayepigiwa honi ni mimi. Ningependa tuhesabu watoto walioshushwa kwa kila hatua ya barabara iliyozibwa, tuone ni nani anayekula nafasi ya mwenzake.

Mwalimu wa Zamu
Nafundisha katika shule inayofanana sana na hiyo, na wiki moja katika kila mwezi mimi ndiye ninayesimama getini. Wazazi wengi si wakorofi. Anachotaka kila mmoja ni kumwona mwanawe akivuka geti kwa macho yake, kwa hiyo hasogei mpaka amwone, na aliye nyuma yake naye hasogei, na wa tatu anaamua kupita pembeni kwenye mtaro. Nilipomwomba mama mmoja asogeze gari kutoka kwenye kivuko, alinijibu kwamba analipa ada. Nilitamani kumwambia kwamba ada haikununua barabara, lakini mwalimu wa shule ya binafsi hujifunza mapema mambo ya kutamani tu bila kuyasema. Niongeze jambo moja. Mwezi wa Aprili, siku ya mvua kubwa, gari la kijivu lilikaa juu ya zebra ile kwa dakika kumi na mbili. Mwenyewe anajijua, na ameandika humu leo.

Mama Pacha
Subhanallah. Gari la kijivu! Mkazi wa Mikocheni, tunakusubiri.

Mkazi wa Mikocheni
Ni mimi. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, mtoto alikuwa na homa, na sikuona pengine pa kusimama. Nilikosea, na sitalipamba kosa hilo. Lakini naomba mtambue kwamba tangu niulize swali langu hapa tumejadili begi, muhogo, mfuko wa nailoni na sasa rangi ya gari langu, na hakuna hata mmoja aliyemtaja yule binti aliyekoswa na bodaboda. Hakuwa wa shule yetu. Alikuwa na sare ya bluu na nyeupe na ndala mkononi, kwa sababu alikuwa amevua ili apite kwenye tope.

Jirani wa Geti
Homa na mvua ndiyo sababu anayoisema kila mtu, Mkazi. Nyumba yangu inatazamana na shule, na kwa miaka sita sijaona asubuhi ambayo mwenye kuziba geti langu hakuwa na sababu nzuri.

Mtanzania wa London
Huku tulipo, kuegesha juu ya njia ya miguu kumekatazwa jijini London tangu 1974. Kuna pia utaratibu wa kufunga mtaa wa shule kwa magari asubuhi na jioni, kwa muda mfupi tu. Ulianzia Bolzano, Italia, mwaka 1989, na hapa London mitaa mingi ilifungwa hivyo kuanzia 2020. Wazazi huegesha mbali na kutembea, na hakuna aliyekufa. Sielewi kwa nini kwetu jambo dogo namna hii lishindikane.

Jirani wa Geti
Ndugu wa London, huko wamekataza watu kuegesha juu ya njia ya miguu kwa sababu njia ya miguu ipo. Hapa kuna mifuniko ya mtaro, na nusu yake imeshang'olewa na kwenda kuwa sakafu ya banda la mtu. Njoo ukae mwezi mmoja, kisha utuambie kuhusu Italia.

Mtanzania wa London
Nimekaa Temeke miaka 24 kabla ya kuondoka, kwa hiyo usinifundishe mtaro. Kuwa mbali si sawa na kusahau.

Karani wa Mahakama
Tusigombane na ndugu yetu, maana hata hapa Dar es Salaam jambo hili limewahi kufanywa vizuri. Asasi iitwayo Amend imekuwa ikipita kwenye shule zenye ajali nyingi na kujenga vijia vya miguu, matuta na vivuko, na kazi hiyo iliyoanzia katika jiji letu ilipata tuzo ya WRI Ross, inayotolewa kwa miradi inayoboresha miji, mwaka 2019, ikishindana na miradi ya miji ya dunia nzima. Haikuhitaji barabara ya juu wala mabilioni, bali saruji, rangi na vizuizi vifupi vya kutenganisha mguu na tairi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na sehemu kubwa ya wanaokufa katika nchi kama yetu ni wale ambao hawakuwa ndani ya gari.

Mwalimu wa Zamu
Nakubali, lakini kijia kisicho na vizuizi hugeuka kuwa maegesho bora zaidi, maana sasa yamesakafiwa. Nimeyaona kwa macho yangu.

Mama Pacha
Kama suluhisho ni kupunguza magari, basi shule zilete mabasi ya uhakika yanayofika Madale, badala ya Hiace yenye watoto 30. Tangu Mei 2017, wanafunzi 32 walipofariki katika ajali ya basi kule Rhotia, Karatu, nimejiapiza kwamba wangu nitawapeleka mwenyewe. Mseme lolote kuhusu malezi yangu.

Dereva Mstaafu
Hapo sitakutania, mwanangu, kwa sababu siku ile nami nililia. Nitasema tu kwamba basi lile lilikuwa safarini kwenye mteremko, likiwapeleka watoto kufanya mtihani wa majaribio, na halikuwa kwenye mzunguko wa mtaani wa kila asubuhi. Hofu yako naielewa. Lakini hofu hiyo unaitua wapi? Unaitoa kwenye kiti cha wanao na kuiweka barabarani, mbele ya mtoto wa mwenzako.

Mama Pacha
Hilo, mzee, ungelisema mapema kabla ya muhogo.

Bajaji ya Saba
Na hao wanaotembea, wengi wao si kwamba wanapenda kutembea. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, na konda anayejua hesabu huwaona wakiwa kituoni na kumwambia dereva akaze mwendo. Ndiyo maana unawakuta barabarani saa kumi na mbili na robo, kundi zima, wakubwa wakiwashika wadogo. Mimi huwapa lifti wawili au watatu nafasi ikiwapo, ingawa wateja wangu walilalamika kwamba watoto wao wanachafuliwa sare.

Karani wa Mahakama
Wateja wako ni akina nani hao? Tunataka kuwafahamu.

Bajaji ya Saba
Mkataba ni wa mwezi, ndugu Karani, na mwezi haujaisha.

Mkazi wa Mikocheni
Narudi kwenye kiwanja cha kanisa. Nimezungumza na mzee wa kanisa, naye amesema hana kizuizi chochote, ila siku za Ijumaa huwa wanafunga maturubai ya harusi, na anataka tuchangie posho ya mlinzi. Kwa wazazi 40, mchango huo haufiki bei ya soda kwa wiki. Ninatafuta watu watano wa kuanza nao Jumatatu. Mama Pacha, ile sentensi yangu ya malezi naiondoa.

Jirani wa Geti
Mlinzi atalipwa na wazazi wa shule moja, na wazazi wa shule nyingine wataegesha bure. Nani atasimamia?

Mwalimu wa Zamu
Na je, atakayewavusha zebra ni nani? Kengele yetu inagonga saa moja na nusu, sawasawa na shule ya serikali, na ombi langu la kusogeza ya kwetu mbele kwa dakika 20 lilijibiwa kwamba mtaala hauruhusu. Sijui mtaala na geti vinahusiana wapi.

Dereva Mstaafu
Niwekeni mimi. Ninaamka saa kumi na moja hata bila kazi, na koti la kung'aa bado ninalo.

Bajaji ya Saba
Naleta taarifa ya leo Jumatatu. Kati ya saa moja kasorobo na saa moja na nusu nimehesabu magari 37 yaliyosimama mbele ya geti, 11 yakiwa juu ya mtaro na mawili juu ya zebra, moja likiwa limewasha taa za dharura na jingine halikujisumbua. Mzee Dereva alikuwapo na koti lake, akiwavusha watoto wa sare ya bluu kwa kupiga filimbi, na trafiki aliyepita alimpigia saluti. Kwenye kiwanja cha kanisa palikuwa na gari moja, la kijivu.

Mama Pacha
Na begi alibeba nani?

Mkazi wa Mikocheni
Nilibeba mimi. Lina kilo 5 na robo.